Hasumbui Mtu: Historia ya Huzuni Isiyohesabiwa

Karibu tena katika mazungumzo yetu ya afya. Leo neno "tena" lina kazi mbili, kwa maana nataka twende pamoja hadi mtaa wa Tena, jirani ya Umoja, hapa Eastlands jijini Nairobi. Kama uliyasikia mazungumzo haya redioni, utakumbuka kwamba muda ulituishia njiani. Hapa kitabuni nimepata nafasi ya kueleza historia yenyewe, kwa sababu bila historia hiyo ushauri wangu utakuwa kama dawa isiyo na maelezo.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili. Nikijitambulisha hivyo ndani ya matatu, jirani yangu husogea dirishani kidogo. Simlaumu. Tumefundishwa kwamba ugonjwa wa akili ni wa yule anayeokota makaratasi barabarani na kuongea peke yake. Lakini wagonjwa wengi ninaowaona hawaokoti chochote. Wanaenda kazini, wanalipa kodi ya nyumba, wanaitikia salamu. Leo nitazungumza juu yao.

Mama aliyekuja kupimwa presha

Jumamosi moja tulikuwa na siku ya upimaji wa bure katika ukumbi wa kanisa moja mtaani Tena. Watu walipanga foleni kupimwa presha na sukari. Mama mmoja akaketi mbele yangu akasema kichwa kinamwuma kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili hivi. Tulipompima, presha yake ilikuwa sawa. Nikamwuliza habari za nyumbani.

"Watoto wazima, mama?"

"Wazima, daktari."

"Na baba yao?"

"Huyo hana shida. Hasumbui mtu. Hanywi, hapigi kelele. Akifika nyumbani anakaa tu."

"Anakaa tu vipi, mama?"

Akafikiri kidogo. "Anakaa tu. Tangu mwezi wa tatu. Hata chakula anaonja vijiko viwili, anasema ameshiba."

Nilimwomba amwambie mumewe aje kuniona. Baada ya wiki mbili mzee huyo alikuja, shati limepigwa pasi vizuri, mfuko wa kazini mkononi. Alichukua muda mrefu kabla ya kuanza kusema. Kazi yake katika kiwanda kimoja huko Industrial Area ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa tatu. Hakumwambia mtu. Kila siku aliamka saa kumi na moja, akavaa nguo za kazi, akashika mfuko, akatembea kwa miguu kufuata Jogoo Road hadi mjini, akakaa kwenye bustani ya Jeevanjee mpaka jioni. Kisha akarudi nyumbani saa ile ile aliyozoea kurudi. Kodi ya nyumba aliilipa kwa akiba ya chama cha akiba na mikopo, na akiba hiyo ilikuwa inakaribia kuisha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, nimechoka kuamka."

Nimebadilisha mambo kadhaa ili mtu yeyote asiweze kumtambua. Lakini maneno ya mkewe sikuyabadilisha: hasumbui mtu. Niliyajua maneno hayo tangu zamani. Niliyakuta katika historia ya kazi yangu, na historia hiyo inaanza zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Nyumba ya Mathari

Mwaka wa 1910 serikali ya kikoloni ilifungua jijini Nairobi nyumba ya kuwaweka watu iliowaita wendawazimu. Majengo yake yalikuwa yale ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka wa 1924 ikapewa jina la hospitali ya akili ya Mathari. Ndiyo hospitali ile ile unayopita ukiwa kwenye Thika Road, ambayo leo ni hospitali ya kitaifa ya rufaa na mafunzo. Enzi za ukoloni wagonjwa walitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao.

Sasa jiulize, Mwafrika wa wakati ule alifikaje Mathari? Si kwa kuamka asubuhi na kusema, "Leo moyo wangu mzito, naenda kumwona daktari." Alipelekwa. Alipelekwa na polisi, au na chifu, au na mkuu wa wilaya, au alitolewa gerezani. Alipelekwa kwa sababu alikuwa amevua nguo sokoni, amechoma nyumba, amempiga mtu, au amemtukana mwajiri wake. Kwa ufupi, alikuwa amesumbua watu.

Je, yule aliyelala kitandani akageukia ukuta? Yule mama aliyefiwa na watoto akaacha kula? Hao walibaki nyumbani. Askari hamkamati mtu kwa kunyamaza.

Weka jambo hilo akilini, msomaji, kwa sababu ndilo lililozaa kosa kubwa.

Daktari aliyesema hatuhuzuniki

Mwaka wa 1938 Mathari ilikabidhiwa kwa daktari mmoja aliyeitwa John Colin Carothers. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Masomo hayo aliyapata baadaye. Aliiongoza hospitali hadi mwaka wa 1950. Alihesabu wagonjwa wa Kiafrika waliolazwa pale, akaandika aliyoyaona, na mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Kitabu hicho kilisomwa na madaktari pande nyingi za dunia.

Alisema nini? Alisema kwamba ugonjwa wa huzuni, ule ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita sonona, ni nadra sana kwa Waafrika. Alidai kwamba Mwafrika hajibebeshi hatia moyoni kama Mzungu, kwa hiyo hana cha kumlemea. Akafika hata kusema kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akimfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa sehemu hiyo.

Unaweza kucheka, au ukakasirika. Mimi naomba tufanye jambo la tatu: tutazame kosa lenyewe lilitokea wapi. Dharau ya ukoloni ilikuwamo, hilo halina ubishi. Lakini pia kulikuwa na kosa la hesabu. Carothers alisimama ndani ya nyumba iliyoletewa watu wasumbufu tu, akatazama, hakuona wenye huzuni kimya, akaandika kwamba hawapo. Ni kama mtu kusimama mlangoni mwa wodi ya waliovunjika miguu, kisha atangaze kwamba hakuna mwenye maumivu ya tumbo nchini Kenya.

Tena wagonjwa wengi walisemeshwa kupitia mkalimani, na mambo ya moyo hupotea mengi mkalimani akiwa katikati. Kama angekaa na Waswahili akawasikiliza, angesikia huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, kihoro, msononeko. Watu wasiohuzunika wangehitaji maneno yote hayo ya kazi gani?

Mitaa ya watu wa kupita

Nadharia hii haikubaki vitabuni. Iligusa mitaa yetu ya Eastlands moja kwa moja.

Nairobi ya wakati ule ilimtaka Mwafrika kama mikono ya kazi, haikumtaka kama mkazi. Mwanamume alibeba kipande shingoni, na asiye na kibali angeweza kukamatwa. Katika mitaa ya mashariki kama Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani na Makongeni, nyumba nyingi zilikuwa za chumba kimoja, na wanaume waligawana chumba hicho kitanda kwa kitanda. Mke na watoto walibaki kijijini. Ilidhaniwa kwamba mfanyakazi akimaliza kazi atarudi kwao.

Carothers aliona kwamba miongoni mwa Waafrika waliofika Mathari, walioajiriwa mbali na kwao walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa kwa idadi yao. Hapo alikuwa ameshika ncha ya jambo la kweli. Mtu kuishi bila mke, bila watoto, kwa mshahara mdogo, chumbani na watu asiowajua, ni mzigo. Lakini hakuulaumu mzigo. Alimlaumu aliyeubeba: kwamba Mwafrika akitoka katika desturi za kabila lake, akili yake haihimili.

Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilimwita aeleze chanzo cha Mau Mau, naye akaandika ripoti juu ya saikolojia ya vita hivyo. Ardhi na uhuru ambavyo watu walividai vikageuzwa kuwa dalili za akili iliyotikiswa na mabadiliko. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, ilianza Operesheni Anvil. Mitaa ya Eastlands ilizingirwa na wanajeshi, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu wakapakiwa kwenye malori kupelekwa vizuizini. Fikiria huzuni iliyobaki katika vyumba vile baada ya malori kuondoka. Hakuna daktari aliyeihesabu.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Miaka ya 1970 ikajengwa Buruburu, na Umoja kwa msaada wa fedha za Marekani. Familia zikahamia, na mitaa jirani kama Donholm na Tena ikajaa watu waliokuja kuishi, si kupita. Lakini ile dhana ya kwamba mwenye kulemewa jijini arudi kwao haikuondoka na wakoloni. Hata leo kijana akizidiwa na mawazo, utasikia, "Mpelekeni ushago apumzike." Pengine kupumzika kutamsaidia. Lakini ugonjwa wa huzuni hauteremki kwenye stendi ya mabasi ukabaki Nairobi. Utasafiri naye.

Mwaka wa 1979

Kosa la Carothers lilipingwa na Waafrika wenyewe. Mnigeria Thomas Adeoye Lambo alianza kazi Aro, karibu na Abeokuta, mwaka wa 1954. Wagonjwa wake walikaa na jamaa zao katika vijiji vilivyozunguka hospitali, wakatibiwa huku wakiishi kama watu. Mapema miaka ya 1960 yeye na wenzake kutoka Marekani walikwenda vijijini kuwauliza Wayoruba kuhusu hali zao za moyo, na huzuni wakaikuta. Baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers. Naye Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Aljeria, alimshambulia Carothers waziwazi katika kitabu chake cha mwaka wa 1961.

Kwetu Afrika Mashariki mwaka wa kukumbukwa ni 1979. Mwaka huo yalichapishwa matokeo mawili. Kwanza, John Orley na John Wing walikuwa wamewahoji watu katika vijiji viwili vya Uganda na kuwalinganisha na watu wa Camberwell, mtaa wa London. Huzuni ya kiwango cha ugonjwa ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko kule London. Pili, hapa Kenya, David Ndetei na Joseph Muhangi walichunguza wagonjwa wa kawaida katika kliniki ya mashambani, watu waliokuja kwa maumivu ya kawaida kabisa. Karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa na tatizo la akili.

Tofauti ilikuwa wapi? Watafiti hawa hawakungoja polisi wawaletee wagonjwa. Walikwenda walipo watu, wakauliza. Wale waliosemekana hawapo walikuwapo siku zote, wameketi kwenye mabenchi ya zahanati, wakisema kichwa kinauma, kifua kinabana, mwili una joto, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Wakapewa dawa za malaria wakarudi nyumbani. Wiki iliyofuata wakarudi zahanati.

Sasa unaelewa kwa nini nilimwuliza yule mama habari za nyumbani.

Agosti 1998

Wasomaji wenye umri wa kukumbuka wanajua walikuwa wapi Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie. Siku hiyo ubalozi wa Dar es Salaam nao ulilipuliwa. Nairobi peke yake walikufa watu 213, na maelfu wakajeruhiwa. Wengi wa waliokuwa mjini asubuhi ile walikuwa wametoka Eastlands kwa matatu, kama siku zote.

Miezi iliyofuata daktari Frank Njenga na wenzake waliwahudumia walionusurika na kuwauliza juu ya hali zao. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 ulihusu watu 2,883. Katika kila 100, kama 35 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa unaofuata mshtuko mkubwa: ndoto za kutisha, kuruka mlango ukibamizwa, kuepuka kabisa kupita mahali pale.

Wakati huo ndipo wengi wetu tuliposikia neno "ushauri nasaha" likitajwa kila siku redioni. Kwa mara ya kwanza taifa lilikubali hadharani kwamba mtu mzima, mwenye kazi na tai shingoni, anaweza kuumia bila kuvuja damu, na si wazimu wala udhaifu.

Hilo lilikuwa jambo jema, ila lina upungufu wake. Tulipata ruhusa ya kulia kwa ajili ya msiba mkubwa unaojulikana na kila mtu. Je, msiba mdogo? Mimba iliyoharibika mwezi wa nne. Barua ya kuachishwa kazi. Mkopo wa simu unaozaa mkopo mwingine. Mama mkwe anayeugua ndani ya chumba kimoja na watoto watatu. Hayo hayana kaburi wala mnara wa kumbukumbu, na wahusika wake wananyamaza wakidhani hawana haki ya kulalamika.

Vijiji thelathini vya Uganda

Pengine utasema, "Daktari, umetueleza shida. Dawa iko wapi? Pesa za kumwona daktari kila wiki hatuna."

Basi sikiliza. Kusini mwa Uganda, wilaya za Masaka na Rakai ziliumizwa sana na UKIMWI. Watafiti walipowauliza wenyeji, walikuta wana majina yao wenyewe ya ugonjwa huu. Moja ni okwekyawa, yaani kujichukia. Wakachagua vijiji 30. Katika nusu ya vijiji hivyo waliunda vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, vikakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Kazi yao ilikuwa kuwasaidia watu kuzungumza juu ya mambo kama kufiwa, ugomvi, na mabadiliko ya maisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003. Mwanzoni karibu wote walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Mwishoni, katika vijiji visivyokuwa na vikundi, watu kama 55 kati ya 100 walikuwa bado wagonjwa. Katika vijiji vyenye vikundi walibaki kama 7 kati ya 100. Huko Zimbabwe nako, kuanzia mwaka wa 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza kina nyanya kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Kazi hiyo imesambaa nchi nyingi.

Msomaji wa Tena, hebu tazama ulicho nacho tayari. Una chama kinachokutana Jumapili. Una kikundi cha kanisani au cha msikitini. Una wenzako wa stendi ya bodaboda. Vikundi vya kuchanga pesa tunavijua sana. Tunachokosa ni robo saa ya kuulizana, baada ya hesabu ya pesa kufungwa.

Sheria nayo ilibadilika

Jambo moja zaidi la historia. Kanuni ya adhabu iliyoletwa na wakoloni mwaka wa 1930 ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Kwa hiyo familia zilificha, zikasema alikunywa dawa kwa bahati mbaya, na mgonjwa akarudi nyumbani bila matibabu ya kilichomuumiza. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa miaka mingi mtu huyu kimya alionekana na serikali siku moja tu, siku aliyojaribu kufa, na alionekana kama mshtakiwa. Sasa aonekane kama mgonjwa, na kabla ya siku hiyo.

Turudi Tena

Yule mzee nilimwuliza waziwazi, "Unaposema umechoka kuamka, una maana unafikiria kufa?" Akanitazama. Akasema, "Ndiyo." Kisha akashusha pumzi. Wengi huogopa kuuliza swali hilo, wakidhani litamtia mtu wazo. Sivyo. Mwenye wazo hilo hupata nafuu akiulizwa, na asiye nalo atakujibu kwamba hana.

Siku hiyo hatukumwacha aondoke peke yake. Kwa ruhusa yake tulimwita mkewe. Alipomweleza habari za Jeevanjee, mama alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani atakasirika kwa ajili ya akiba. Akasema, "Miezi yote hii nilidhani ni mimi nimekukosea."

Alianza matibabu, dawa pamoja na mazungumzo. Mwezi wa kwanza haukuonyesha mabadiliko makubwa. Usingizi ulirudi kwanza, hamu ya chakula baadaye. Kazi kama ile ya zamani hakuipata. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa akifanya vibarua vya kupaka rangi. Watoto walihamishiwa shule ya ada nafuu, na hilo lilimuuma. Lakini aliniambia kwamba sasa akiwa hana kazi, anakaa nyumbani akiwa hana kazi. Na kichwa cha mama? Alisema siku nyingine kinauma, siku nyingine anasahau kama kiliwahi kuuma.

Ya kukumbuka

Msomaji wangu, chukua haya uende nayo.

Kwanza, huzuni ya siku mbili tatu si ugonjwa. Lakini mtu akikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, akiwa na moyo mzito au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, na usingizi, chakula, nguvu au kazi vikaharibika, huo ni ugonjwa na una matibabu.

Pili, usimwulize mtu, "Uko sawa?" Nairobi jibu la swali hilo ni moja tu: niko poa. Mwulize umelala vipi juzi na jana. Mwulize umekula nini leo. Kisha nyamaza, umpe nafasi.

Tatu, maumivu yasiyoisha na vipimo havionyeshi kitu, mweleze mhudumu wa afya pia habari za nyumbani na za moyoni. Usione haya. Hizo ni dalili kama homa.

Nne, mtu akitaja kufa, usimkemee wala kumhubiria. Mwamini. Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa karibu naye, na mpeleke hospitali. Kwa wakazi wa Tena na Umoja, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya nalo lina simu ya bure, 1199.

Tano, jioni ya leo ukifika nyumbani, tazama wote waliomo. Anayepiga kelele utamsikia bila kujitahidi. Mtafute yule unayezoea kumsifu kwamba hasumbui mtu. Kaa karibu naye, zima televisheni, umwulize alilalaje.

Hadi mazungumzo yajayo, nakutakia jioni njema na usingizi mzuri.